Kwa Nini Mtu Hajijui kwa Kujitazama Peke Yake

Ukimuuliza mtu mzima wa Mombasa kama anajijua, huenda akahisi umemvunjia heshima. Anajua anachokipenda na asichokipenda, anajua kama ana subira au ana hasira za karibu, na anaamini kuwa hakuna awezaye kueleza habari za nafsi yake kumshinda yeye mwenyewe. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli mdogo kuliko tunavyodhani, na ushauri mwingi unaotolewa siku hizi kuhusu kujitambua, katika semina za vijana, vipindi vya redio na video zinazosambazwa kwa simu, umejengwa juu ya imani hiyo bila kuikagua. Mtu huambiwa aketi mahali penye utulivu, ajitazame kwa ndani na ajiulize kwa nini yuko alivyo. Huketi, hujiuliza, na majibu huyapata. Taabu ni kwamba majibu hayo humjia na uhakika uleule, yawe ya kweli au yasiwe, na utafiti wa saikolojia tangu miaka ya 1970 umeonyesha kuwa mara nyingi si ya kweli.

Jambo hili huelewa kwa urahisi zaidi anayeligawa katika maswali matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa: ninahisi nini, kwa nini nimetenda nilivyotenda, na wenzangu wanayapokeaje matendo yangu. Kila swali lina shahidi wake. Anayemwita shahidi mmoja, yaani nafsi yake, ayajibu yote matatu, atasikia sauti moja yenye uhakika mwingi, na huenda akawa amepata ukweli wa swali moja tu.

Swali la hisia ndilo ambalo mwenyewe ndiye shahidi bora. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha utafiti uliolinganisha vitu vitatu: jinsi watu wanavyojieleza, jinsi marafiki zao wanavyowaeleza, na jinsi watu haohao walivyotenda walipopimwa. Kuhusu wasiwasi na hali ya kujidharau, ambazo hukaa moyoni na kuonekana kwa nadra, mtu alijijua kuliko rafiki zake. Kuhusu uchangamfu na uzungumzaji, pande zote mbili zilikaribiana. Kuhusu akili na ubunifu, marafiki walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mwenyewe, kwa kuwa hizo ni sifa ambazo kila mtu angependa kuwa nazo, na tamaa ya kuwa nazo humziba macho.

Hata hivyo kuwa shahidi bora hakumaanishi kuwa ushahidi huja wenyewe. Fikiria baba mmoja wa Mikindani aliyemfokea mwanawe mbele ya wageni kwa sababu kijana alimjibu kwa mkato. Akiulizwa baadaye atasema alikasirika, naye hadanganyi. Lakini akirudi nyuma kwa makini katika dakika ile, huenda akagundua kuwa kabla ya hasira palikuwa na fedheha: wageni walikuwa wameona kwamba neno lake halina uzito nyumbani mwake. Mambo haya mawili yana tiba mbalimbali. Anayedhani shida yake ni hasira atajizoeza kunyamaza na kutoka nje apunge hewa, na wiki ijayo atafoka tena. Aliyeiona fedheha ataweza kujiuliza kwa nini macho ya wageni yalimlemea kuliko moyo wa mtoto wake. Utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watu walipotazama picha za nyuso zenye hisia kali na kuitaja hisia hiyo kwa neno lake, shughuli za amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari, zilipungua. Kuitaja hisia kwa usahihi, basi, si kujitambua tu. Kwenyewe tayari kunatuliza.

Kwa nini nimetenda nilivyotenda

Hapa ndipo kujitazama kunapotuangusha, na ndipo ninapoona ushauri wa kawaida unawadhuru watu badala ya kuwasaidia. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala iliyobadilisha fikra za wanasaikolojia kuhusu suala hili. Katika jaribio moja walipanga jozi nne za soksi ndefu za nailoni za kike mbele ya wateja wa dukani na kuwaomba wachague iliyo bora. Jozi zote zilikuwa sawasawa kabisa. Wateja walichagua ya mwisho upande wa kulia karibu mara nne kuliko ya kwanza upande wa kushoto. Walipoulizwa sababu, walitaja ufumaji, ulaini na ubora wa kitambaa. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipodokezewa kuwa huenda mahali ndipo palipowavuta, karibu wote walikana.

Yeyote aliyewahi kusimama katika duka la leso Mtaa wa Biashara, huku muuzaji akikunjua doti moja baada ya nyingine juu ya kaunta, anaweza kuona jinsi jambo hili linavyotuhusu. Mnunuzi akishachagua atakuwa na sababu tayari mdomoni: rangi inamfaa, maneno ya leso yamemgusa, pindo limekaa vizuri. Huenda ni kweli. Huenda pia ni doti iliyokunjuliwa alipokuwa amechoka kutazama. Yeye mwenyewe hawezi kutofautisha kwa kujiuliza, kwa sababu sababu ya kweli na sababu iliyobuniwa humjia kwa sura moja.

Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Lund huko Uswidi, Petter Johansson na Lars Hall, walilisukuma jambo hili mbele zaidi. Katika jaribio walilolichapisha pamoja na wenzao mwaka 2005, mshiriki alionyeshwa picha mbili za nyuso za wanawake, akachagua anayempendeza, kisha kwa ujanja wa mikono akapewa ile ambayo hakuichagua na kuombwa aeleze kwa nini ameipenda. Mara nyingi mabadiliko hayo hayakugunduliwa. Washiriki walieleza kwa moyo mkunjufu sababu za uchaguzi ambao hawakuufanya, na wengine walitaja mambo yaliyokuwamo katika picha hiyo ya pili pekee.

Nisbett na Wilson walipendekeza maelezo ambayo bado yana nguvu: tunapoulizwa sababu za matendo yetu, hatuchungulii ndani na kuziona, bali tunachukua sababu inayokubalika katika jamii yetu na kuiweka pale. Ndiyo maana mtu wa pembeni akiulizwa kwa nini fulani alitenda vile, mara nyingi hutoa maelezo yaleyale anayoyatoa mtendaji. Kila mji una akiba yake ya sababu. Ya Mombasa ninaijua: joto la kaskazi, foleni ya feri ya Likoni, saumu, husuda ya jirani, kulelewa na bibi, mkataba wa bandarini uliokatizwa. Zote ni sababu zinazotokea kweli katika maisha ya watu, na kwa hiyo ni rahisi mno kuziazima. Kijana aliyeacha kozi ya tatu bila kuimaliza akisema anaandamwa na jicho la watu, au akisema hakulelewa kwa nidhamu, anaweza kuwa anataja kitu cha kweli kuhusu maisha yake ambacho hakihusiani hata kidogo na kuacha kwake kozi.

Kama kujiuliza hakutoshi, shahidi wa swali hili ni nani? Ni kumbukumbu iliyoandikwa wakati jambo lilipotokea, kabla akili haijapata nafasi ya kulipanga. Tumchukue mwenye duka wa kufikirika, Kongowea, anayeamini kuwa huwapandishia wateja sauti kwa sababu wanabishana mno kuhusu bei. Ana daftari la madeni, kama kila mwenye duka. Akitumia kurasa zake za nyuma kuandika, kila sauti inapopanda, saa, nani alikuwepo, alikuwa amekula lini na nini kilitangulia nusu saa kabla, bila kuandika sababu yoyote, baada ya wiki kadhaa atakuwa na kitu cha kusoma. Anaweza kukuta kuwa asubuhi, wakati ubishi wa bei ni mkali zaidi, hakufoka hata mara moja, na kwamba matukio karibu yote yameangukia alasiri za siku alizopigiwa simu na mwenye nyumba. Anaweza pia kukuta kuwa ubishi wa bei ndio sababu hasa. Thamani ya daftari ni kwamba linaweza kumkatalia, jambo ambalo nafsi yake haiwezi kumfanyia.

Inafaa kusisitiza kuwa aandike tukio na asiandike sababu. Anayeandika “nimefoka kwa sababu watu hawana adabu” ameingiza hukumu kwenye ushahidi, na atakapousoma hatakutana na chochote ila maoni yake ya zamani.

Kuna hatari nyingine katika swali la “kwa nini”. Watu wengi wanaojitazama sana hawajijui zaidi, wanajitesa zaidi. Mwaka 1999 Paul Trapnell na Jennifer Campbell walieleza kitendawili hiki kwa kutenganisha tabia mbili zilizokuwa zikihesabiwa kuwa moja: kujitafakari kwa udadisi, kama mtu anayetaka kuelewa, na kujirudiarudia kwa majuto na hofu, ambako mtu hupita juu ya kosa lilelile bila kuongeza alichokijua. Ya kwanza huendana na kujielewa, ya pili na huzuni. Kwa nje hazitofautiani. Wote wawili utawakuta wamelala macho saa nane za usiku. Njia iliyothibitika kusaidia ni kujiweka mbali kidogo. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojizungumzia moyoni kwa jina lao wenyewe, badala ya kusema “mimi”, hawakufadhaika sana kama wengine na walifanya vizuri zaidi walipolazimika kuhutubia mbele ya watu. Kusema moyoni, “Salma, leo umeogopa nini?” humweka Salma mahali pa mtu anayemshauri mwenzake, na sote hushauri wenzetu kwa utulivu kuliko tunavyojishauri.

Wengine wanatuonaje

Nyani haoni kundule, walisema waliotutangulia, na swali la tatu ndilo walilolikusudia. Mwaka 2002 Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross walionyesha kuwa watu wakielezwa upendeleo mbalimbali unaopotosha fikra za binadamu, huukubali kuwa upo, kisha hujiona kuwa wao wameathirika kidogo kuliko wenzao. Pronin ameeleza chanzo kimoja kwa namna inayonifanya nirudi kuisoma mara kwa mara: sisi hujipima kwa nia zetu, kwa sababu nia zetu tunaziona, wengine tunawapima kwa vitendo vyao, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoviona. Msimamizi wa zamu kule Kilindini anayesema mlango wake uko wazi kwa kila mfanyakazi anasema kweli kuhusu nia yake. Vijana walio chini yake hawajawahi kuiona nia hiyo. Wameona anavyotazama saa wanapoanza kuzungumza.

Kazi ya Justin Kruger na David Dunning ya Chuo Kikuu cha Cornell, ya mwaka 1999, hutajwa sana na mara nyingi kwa dharau kwa wasiojua. Waliofanya vibaya zaidi katika majaribio yao walikuwa, kwa wastani, wamewazidi watu 12 tu katika kila 100, lakini walikadiria kuwa wamewazidi 62. Sehemu isiyotajwa sana ndiyo yenye manufaa kwa anayetaka kukua: baadhi yao walipofundishwa kidogo kanuni za mantiki, walianza kuona makosa yao na makadirio yao yakashuka kuelekea ukweli. Tumezoea kuambiwa kuwa mtu hujitambua kwanza kisha akajiboresha. Hapa mpangilio ni kinyume. Walijifunza kwanza, na kujifunza ndiko kulikowapa macho ya kuona walipokuwa wamepungukiwa. Anayetaka kujua kama anasikiliza watu vizuri atajua haraka zaidi kwa kujizoeza kusikiliza kuliko kwa kutafakari kama anasikiliza.

Wamarekani Joseph Luft na Harry Ingham walichora mwaka 1955 dirisha lenye sehemu nne: ninayoyajua na wengine wanayajua, ninayoyajua nikawaficha, wanayoyajua nisiyoyajua, na yasiyojulikana na yeyote. Mchoro huo hufundishwa katika semina nyingi za wafanyakazi, na unafaa. Lakini haumwelezi mtu namna ya kuifungua ile sehemu ya tatu, na kwa hilo ninaona Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Alitaja njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: kukaa mbele ya mwalimu mwenye busara ya kuziona, kuwa na rafiki mkweli atakayemchunga na kumwonya, kuzisikia kutoka katika ndimi za maadui, kwa kuwa jicho la chuki hufichua, na kuchanganyika na watu, ili kila baya alionalo kwa mwingine aanze kulitafuta kwake. Waliohudhuria darsa kati ya magharibi na isha watakuwa wamewahi kusikia mafundisho ya kujihesabu nafsi yanayokaribiana na haya. Njia ya tatu ndiyo inayonishika zaidi. Washauri wa leo hutuambia tujiepushe na wanaotuchukia, na kwa ajili ya amani ya moyo huenda wana haki. Lakini adui hana sababu ya kutubembeleza, na tukiondoa chumvi aliyoitia, mara nyingi kinachobaki ni kitu ambacho rafiki zetu wamekuwa wakikinyamazia kwa miaka.

Wananyamaza kwa sababu za heshima. Kwenye baraza za mawe za Mji wa Kale, ambako wazee hukaa jioni na kahawa chungu, tabia za watu huchambuliwa kwa ufundi mkubwa, na ndivyo ilivyo katika vikao vya kina mama vya kupanga harusi na katika vyama vya kuwekeana fedha. Maarifa ya sehemu ile ya tatu ya dirisha yapo mjini, tena kwa wingi. Ila hayamfikii mwenyewe. Mdogo hamwambii mkubwa kwamba hukatiza watu, mfanyakazi hamwambii tajiri wake, na mwenye haya hamwambii yeyote. Hili si jambo la kulaumu kwa haraka, kwa maana heshima hiyohiyo huwawezesha watu wengi kuishi karibukaribu bila kuumizana. Utamaduni wenyewe umeweka pia nafasi ambazo ukweli unaruhusiwa: utani wa babu na mjukuu, shangazi mwenye kauli, somo anayemfunda msichana na kumweleza waziwazi yale ambayo mama mzazi angeona haya kuyatamka. Anayetaka kujijua angeanza kwa kuwatafuta watu walio katika nafasi hizo, kabla ya kumbebesha mzigo huo mtu anayemwogopa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Swali la “nina kasoro gani?” humlazimisha mwenzako achague kati ya kukuumiza na kukudanganya, na mtu mwenye adabu atakudanganya. Swali kuhusu tendo moja la karibuni humpunguzia mzigo huo: “Jana kwenye kikao, Hamisi alipokuwa akieleza habari ya kodi, nilimkatiza?” Mtu anaweza kujibu, “Ndiyo, mzee, mara mbili, ukiuliza swali huwa hungoji jibu,” bila kuhisi kwamba amekuhukumu. Kinachofuata ndicho kinachoamua kama utaambiwa tena. Ukianza kujieleza, hata kwa upole, umemfundisha kuwa ukweli unazaa mjadala. Ahsante na kimya vinatosha. Mjadala ufanye na nafsi yako baadaye.

Wala si kila linalosemwa na wengine ni ushahidi safi. Mume anayemweleza mkewe kila siku kwamba hajitambui, au bosi anayetumia maneno hayo kuzima malalamiko ya mishahara, anatawala, haelezi. Ndiyo sababu ya kuwauliza watu zaidi ya mmoja, wasiokuwa na maslahi yanayofanana, na kulipa uzito lile ambalo wote wanaligusa bila kuwa wameambizana. Na huzuni isiyoondoka kwa wiki nyingi, inayomnyima mtu usingizi na hamu ya kula, haipaswi kupelekwa kwenye daftari wala barazani. Inahitaji daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Linabaki suala la kwa nini watu wengine huambiwa ukweli wakabadilika, na wengine huambiwa ukweli uleule wakahama baraza. Shelley Duval na Robert Wicklund walieleza mwaka 1972 kwamba mtu akielekezwa kujitazama, hujilinganisha papo hapo na kipimo alichojiwekea, na akikuta pengo huumia. Maumivu hayo yana njia mbili za kwisha: kulipunguza pengo, au kuacha kutazama. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa uchaguzi hutegemea sana kama mtu anaamini pengo linaweza kupungua. Aliyeambiwa kuwa ni mkali tangu kuzaliwa ataacha kutazama, kwa kuwa hakuna cha kufanya. Aliyeambiwa kuwa huwakatiza watu wanapofika katikati ya sentensi amepewa kitu kinachoweza kupungua kabla ya Ijumaa.

Na kikipungua, mabadiliko yake hayataonekana mapema kwa waliomzoea. Ndugu na majirani huendelea kumwona wa zamani kwa muda mrefu, wakikumbuka mara moja aliyofoka na kuzisahau mara nyingi alizonyamaza, na wapo waliokata tamaa ya kujirekebisha kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo anapouliza tena baada ya miezi mitatu au minne, inafaa swali liende pia kwa mtu aliyemfahamu hivi karibuni, mfanyakazi mpya dukani au mpangaji aliyehamia juzi, ambaye hana picha ya zamani ya kulinganisha na atajibu kwa kile alichokiona tu.